KUPANDISHA MWENDO WA KOMPYUTA BILA KUIHARIBU



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna neno moja linalorudi kila mara mbele ya mlango wa chumba cha informatiki: kupandisha mwendo wa kompyuta, ambayo sisi katika mazungumzo huita ordinatere. Wengine wanasema: «Ordinatere iko polepole, tuipandishe tu.» Wengine wanajibu: «Weye, ukiigusa itaungua!» Sisi wa mwaka wa mwisho tumeombwa kuandika juu ya jambo hili katika gazeti letu, na tumekubali, ju kila upande una ukweli kidogo na kosa kidogo. Ni kweli kwamba mashini inaweza kupandishwa. Ni kweli pia kwamba mtu asiyejua anaweza kuiharibu. Lakini hatari kubwa siyo ile ya kuungua. Kuna nyingine isiyo na moshi wala harufu, nayo njo sababu ya kuandika makala hii.

Gazeti letu halina picha, basi tutatumia maneno na namba. Mwenye karatasi na kalamu afuate hesabu pamoja nasi.

1. SAA ILIYO NDANI YA MASHINI

Prosesa, ndiyo kile kipande kinachofanya hesabu zote, hutumika kwa kufuata mapigo. Fikirini kwaya inayofuata mkono wa mwenye kuiongoza. Mkono ukipiga upesi, wimbo unamalizika mapema. Mkono ukipiga upesi kupita kiasi, waimbaji wa nyuma hawamalizi neno lao kabla ya pigo lingine kufika, na wimbo unavurugika.

Mapigo ya prosesa yanahesabiwa kwa megahezi na gigahezi. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Gigahezi moja ni mapigo miliari moja kwa sekunde. Prosesa ya gigahezi 4 ina pigo fupi sana hata mwanga wenyewe, unaokimbia karibu kilomita 300 000 kwa sekunde, unapita sentimita 7 na nusu tu katika pigo moja. Katika muda ule mdogo ishara za umeme lazima zipite katika milango midogo mingi, zifike, na zitulie. Kama pigo lingine linakuja kabla hazijatulia, prosesa itachukua jibu lisilo sahihi.

Mwendo unapatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi ya ubao mama, na kizidisho cha prosesa. Tuchukue AMD Ryzen 5 2600, iliyotoka mwaka 2018, ju tutaitumia kama mfano mpaka mwisho. Mapigo ya msingi ni megahezi 100, kizidisho ni 34. 100 mara 34 ni megahezi 3 400, yaani gigahezi 3,4. Kupandisha mwendo, kwa ufupi, ni kubadili mojawapo ya namba hizi mbili.

2. NAFASI INATOKA WAPI?

Mtu atauliza: kama prosesa inaweza kukimbia zaidi, kwa nini kiwanda hakikuandika mwendo ule mkubwa?

Jibu ni hili. Vipande vya prosesa havifanani kabisa, hata vikikatwa katika sahani moja ya silikoni. Kiwanda kinapima kila kipande, kisha kinakiandikia mwendo ambao kina hakika kitaufikia kwa miaka mingi, hata katika chumba chenye joto, hata kama mwenye mashini hakupangusa vumbi. Tofauti kati ya mwendo ulioandikwa na ule ambao kipande kinauweza kweli, njo nafasi tunayotafuta.

Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 1998. Mwezi wa 8 wa mwaka ule Intel ilitoa prosesa ya bei ndogo, Celeron 300A. Mapigo ya msingi yalikuwa 66 na kitu, kizidisho 4,5, jumla megahezi 300. Kizidisho kilikuwa kimefungwa, hakibadiliki. Lakini kulikuwa na ubao mama zilizoweza kutoa mapigo 100 badala ya 66. Fanyeni hesabu: 100 mara 4,5 ni 450. Vipande vingi vilikubali mwendo ule bila shida, na watu wakapata mashini iliyokaribia Pentium II ya megahezi 450, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa zaidi.

Wanaosimulia habari hii leo wanasahau jambo moja: nafasi imepungua sana. Prosesa za sasa zinajipandisha zenyewe. Ryzen 5 2600 yetu imeandikwa 3,4, lakini kazi ikiwa ndogo inajipeleka mpaka 3,9 bila mtu kuigusa. Kiwanda kimekwisha kutumia sehemu kubwa ya nafasi iliyokuwa imebaki. Asiwepo mtu wa kungoja muujiza wa mwaka 1998.

3. UMEME NA JOTO

Ili ishara zifike upesi zaidi, mara nyingi inatakiwa kuongeza volti. Hapa njo watu wengi wanapotea, ju wanafikiri kuongeza kidogo kunaleta joto kidogo. Sivyo. Umeme unaoliwa na prosesa unafuata mwendo, tena unafuata volti mara volti.

Tuhesabu. Mwendo umepanda kwa asilimia 10: 1,1. Volti imepanda kwa asilimia 10, na inahesabiwa mara mbili: 1,1 mara 1,1 ni 1,21. Zidisheni vyote: 1,1 mara 1,21 ni 1,331. Prosesa iliyokula wati 65 sasa itakula karibu wati 87. Umepata sehemu moja kwa kumi ya mwendo, umelipa theluthi nzima ya umeme. Na umeme ule wote unageuka joto ambalo vantilatere lazima iliondoe.

Prosesa ya leo ina akili ya kujilinda na joto. Ikifika mpaka wake inapunguza mwendo yenyewe, na ikizidi inazima mashini. Kwa Ryzen 5 2600 mpaka ulioandikwa ni digrii 95. Lakini dhidi ya volti nyingi haina ulinzi wa namna ile. Mkondo mkubwa ukipita katika nyaya nyembamba sana unasukuma hata chembe za chuma, pole pole, sawa vile maji ya mto yanavyokula ukingo. Leo hakuna kitu kinachoonekana. Baada ya miezi au miaka prosesa inaanza kukosea hata kwa mwendo wake wa kawaida. Uharibifu ule hauponi.

Hata viwanda vyenyewe vimepata somo hili. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000X3D ziliungua katika ubao mama zilizozipa volti nyingi. AMD ikaweka mpaka wa volti 1,3 kwa sehemu ile iliyohusika, kwa njia ya BIOS mpya. Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi na zinapoteza uthabiti. Ikatoa sahihisho, ikaongeza miaka 2 ya dhamana, lakini ikasema wazi kwamba sahihisho haliponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Wengi wa watu wale hawakuwa wamepandisha kitu chochote. Basi sisi tunaopandisha kwa mkono wetu tuwe na uangalifu mara mbili.

4. HATARI ISIYO NA MOSHI

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala.

Mashini iliyopandishwa vibaya sana inajitangaza: haiwaki, au inazimika, au inaonyesha ukurasa wa buluu. Ile si mbaya, ju mwenyewe anajua na anarudisha nyuma. Mbaya ni ile iliyopandishwa vibaya kidogo. Inawaka, inafungua kila kitu, inacheza nyimbo, na mara moja kwa saa nzima inakosea hesabu moja. Mwongoza kwaya hasikii sauti moja iliyoteleza kati ya mia.

Tuchukue namba 52. Kompyuta haiandiki 5 na 2. Inaandika kwa 1 na 0 tu: 110100. Maana yake ni 32 na 16 na 4, jumla 52. Sasa barete ya RAM iliyosukumwa kupita nguvu zake inapoteza 1 moja, ile ya tatu. Inabaki 110000, yaani 32 na 16. Jumla ni 48.

Mwanafunzi aliyepata asilimia 52 amepita. Mwenye 48 hakupita. Hakuna aliyeandika vibaya, hakuna aliyeiba pointi, na kwa karatasi itakayotoka mashini namba itaonekana safi kabisa. Kama ingekuwa imegeuka 5 200, katibu angeshangaa na kuangalia tena. Lakini 48 inaonekana kama 48 nyingine yoyote.

Ndiyo maana tunasema: usalama wa kupandisha mwendo hauishii kwa kuuliza «itaungua?». Maswali ya kweli ni mawili: nimeipima kiasi gani? Na kama ikikosea, kosa litamwangukia nani?

5. MASHINI GANI INAKUBALI?

Kabla ya kitu chochote, jueni mnachomiliki. Programu ndogo ya bure, CPU-Z, inaonyesha jina la prosesa, la ubao mama, na aina ya RAM.

a) Kompyuta ya kubeba: karibu zote hazikubali, na nafasi ya kutoa joto ni ndogo. Muziache.

b) Kompyuta za mezani zilizotoka katika ofisi na kuuzwa tena: nyingi zina prosesa iliyofungwa, na BIOS yake haionyeshi kizidisho. Usitafute njia za kulazimisha.

c) Intel: tangu mwaka 2011 zinazofunguliwa kwa kawaida ni zile zenye herufi K mwishoni mwa jina, kwa mfano Core i5-8600K, na zinataka ubao mama wa jamii ya Z.

d) AMD Ryzen: karibu zote zimefunguliwa. Ubao mama wenye B350, B450 au X470 unakubali. Wenye A320 unakataa kwa prosesa.

Jueni tena kwamba dhamana ya kiwanda haifuniki uharibifu unaotokana na kupandisha mwendo.

6. MATAYARISHO

Kwanza, nakili kazi zako zote mahali pengine, kwa diski ya nje au kwa fulashi. Mashini inayokosea inaweza kuandika kosa lake ndani ya diski.

Pili, zima, ng'oa waya wa umeme, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, kisha ondoa vumbi katika vantilatere na katika mapezi ya chuma. Kama mashini ni ya zamani, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza imekwisha kukauka. Futa, weka mpya, kiasi cha punje ya haragi moja. Ile vantilatere ndogo inayouzwa pamoja na prosesa inatosha kwa kupanda kidogo, lakini haitoshi kwa zaidi.

Tatu, chunguza kile kisanduku kinacholisha mashini umeme. Cha bei ya chini kabisa kinaweza kuyumba mzigo ukiongezeka, nawe utafikiri kosa ni la prosesa.

Nne, kwetu hapa umeme unakatika na volti ya ukutani inapanda na kushuka. Tumia ondilere. Na neno moja msilisahau: usibadilishe BIOS yenyewe kwa mpya kama huna ondilere yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, ubao mama unaweza usiwake tena.

Tano, pima mashini jinsi ilivyo, kabla ya kuigusa. Andika joto, andika muda. Kama inaanguka katika jaribio kwa mwendo wake wa kawaida, usipandishe kitu. Tafuta ugonjwa kwanza.

Sita, chukua daftari. Kila badiliko liandikwe: tarehe, kizidisho, volti, joto la juu, matokeo. Asiyeandika atasahau, na akisahau atarudia kosa lile lile.

7. PROSESA, HATUA KWA HATUA

Tunarudi kwa Ryzen 5 2600 juu ya ubao mama wa B450. Namba za volti tutakazotoa ni za prosesa hii tu. Usizipeleke kwa nyingine.

Hatua ya 1. Washa, na mara moja piga Delete au F2 mara nyingi mpaka ukurasa wa BIOS utokee. Acha mapigo ya msingi kwa 100. Usiyaguse, ju yanavuta pamoja nayo mambo mengine mengi. RAM nayo iache kama ilivyo.

Hatua ya 2. Weka kizidisho kwa 37 na volti ya prosesa kwa 1,25. Usiiache volti ijichague yenyewe wakati unapandisha: ubao mama nyingi zikiachiwa huru hutoa zaidi ya inavyotakiwa. Hifadhi, toka, acha mashini iwake.

Hatua ya 3. Fungua HWiNFO ili uone joto. Kisha endesha Prime95 kwa dakika 10. Joto likipita digrii 85, simamisha: tatizo lako ni upozaji, si mwendo.

Hatua ya 4. Kama hakuna kosa, rudi katika BIOS, ongeza kizidisho kwa nusu: 37,5. Jaribu tena. Halafu 38. Endelea hivyo hivyo mpaka mashini ianguke au Prime95 itangaze kosa.

Hatua ya 5. Ikikosea, ongeza volti kidogo tu, 0,02 hivi, bila kugusa kizidisho, na ujaribu tena. Badiliko moja kila mara! Ukibadili mawili, hutajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililoharibu.

Hatua ya 6. Weka mipaka kabla ya kuanza, iandike juu ya ukurasa wa daftari, na usiivuke. Kwa prosesa hii watu wengi wenye uangalifu hukomea volti 1,35 kwa matumizi ya kila siku. Mpaka wowote ukifikiwa, ama wa volti ama wa joto, kazi imekwisha. Vipande vingi vya aina hii hufika karibu 3,9 au 4,0. Chako kikikomea 3,8, ndivyo kilivyozaliwa, na hakuna wa kulaumu.

Hatua ya 7. Ukiisha kupata mwendo wa juu unaosimama, rudi nyuma hatua moja. Nafasi ile uliyoiacha ni ya siku ya joto kali na ya vumbi litakalorudi.

Angalieni jambo moja. Ukiweka kizidisho kwa mkono, viini vyote 6 vinakimbia mwendo ule ule, na ile akili ya kujipandisha mpaka 3,9 inazimika. Ukikomea 3,8, kazi zinazotumia viini vyote zitapata faida kidogo, lakini zile zinazotumia kiini kimoja zitapoteza. Kwa wengi ni afadhali kuacha prosesa ijiongoze, na kuipa tu upozaji mzuri.

8. KUMBUKUMBU, YAANI RAM

Hapa mara nyingi kuna faida ya halali ambayo watu wengi hawaichukui. Barete ya DDR4 iliyoandikwa 3200, ikiwekwa tu, kwa kawaida inaanza kwa 2133 au 2400. Ndani yake kiwanda cha barete kimeandika kanuni ya pili, inayoitwa XMP. Katika BIOS unairuhusu kwa kuchagua mara moja, na barete inapanda mpaka mwendo ulioununua. Barete za DDR5 zina nyingine kama hiyo ya AMD, inayoitwa EXPO, tangu mwaka 2022.

Msidanganyike kufikiri kwamba XMP si kupandisha mwendo. Ryzen 5 2600 inaahidi RAM mpaka 2933 tu, kwa hiyo 3200 ni juu ya ahadi. Na volti ya DDR4 ya kawaida ni 1,2, wakati XMP nyingi zinataka 1,35. Barete imetengenezwa kwa volti ile, lakini ni lazima kuipima.

Kuna namba nyingine inayochanganya watu: CL, yaani mapigo ambayo RAM inangoja kabla ya kujibu. Watu wanaona namba kubwa ya mwendo na kufurahi. Fanyeni hesabu: CL mara 2 000, gawanya kwa mwendo, unapata nanosekunde. Barete ya 3200 yenye CL16: 32 000 gawanya kwa 3 200, ni nanosekunde 10. Barete ya 3600 yenye CL18: 36 000 gawanya kwa 3 600, ni nanosekunde 10 vilevile. Ya pili inabeba mzigo zaidi kwa sekunde, lakini haijibu mapema zaidi. Barete ya 3200 yenye CL22 inangoja 13,75. Kumbe kununua kwa kuangalia namba moja tu ni kununua macho yamefungwa.

Kanuni tatu za RAM: tumia barete mbili zinazofanana, zilizouzwa pamoja; kama ubao una nafasi nne, soma kitabu chake, ambacho mara nyingi kinataka ya pili na ya nne kuanzia kwa prosesa; na usipandishe RAM na prosesa siku moja. Maliza moja, ipime mpaka mwisho, kisha njo uje kwa nyingine.

9. KUPIMA

Dakika 10 za Prime95 ni za kutafuta njia. Si za kuthibitisha.

Prime95 ilitokana na kazi ya kutafuta namba tasa kubwa sana, iliyoanzishwa mwaka 1996. Katika kazi ile kosa moja dogo linaharibu majuma ya hesabu, kwa hiyo programu ilifundishwa kujikagua: inafanya hesabu ambazo jibu lake linajulikana, na jibu likitofautiana inasimama na kusema. Kwa kuthibitisha, iache saa nyingi, angalau 6.

Kwa RAM tumia Memtest86+. Inawekwa kwa fulashi, na mashini inawashwa kutoka kwa fulashi ile, bila Windows. Iache izunguke angalau mara 4, ambayo kwa RAM nyingi ni usiku mzima. Matokeo yanayokubalika ni kosa sifuri. Msiseme «kosa moja tu si kitu». Mmeona katika sehemu ya 4 kosa moja linafanya nini. Na kama umeme umekatika katikati, jaribio halikufanyika. Anza tena tangu mwanzo.

10. MASHINI IKIKATAA KUWAKA

Msiogope, na msianze kupiga sanduku. Ubao mama nyingi zikishindwa kuwaka mara kadhaa hurudi zenyewe kwa mwendo wa kawaida. Kama haurudi, zima, ng'oa waya, ondoa ile betri ndogo ya duara, CR2032, ngoja dakika chache, irudishe. BIOS itasahau yote uliyoandika. Kitabu cha ubao mama kinaonyesha pia vijiti viwili vya kugusanisha kwa kazi hiyo hiyo. Daftari lako halitasahau, njo maana tuliomba daftari.

11. FAIDA NI KIASI GANI, NA CHUMBA CHETU JE?

Tumalize kwa hesabu ya mwisho. Umepandisha mwendo kwa asilimia 10 na kila kitu kimekwenda vizuri. Kazi iliyochukua dakika 60 itachukua karibu dakika 54 na nusu. Hiyo ni kwa kazi ya hesabu tupu, kama kutengeneza video. Kwa kufungua barua na kuiandika, hutaona tofauti yoyote.

Mashini inayochukua dakika 3 kuwaka, mara nyingi haikosi mwendo wa prosesa. Inangoja diski ya zamani inayozunguka. Ukiiwekea diski ya SSD, hata ndogo, ukiongeza RAM kutoka gigabaiti 4 mpaka 8, na ukiondoa vumbi, utapata zaidi ya yote tuliyoyaeleza, bila hatari ya namna hii. Anayeuliza aanzie wapi, aanzie hapo.

Basi shauri letu sisi wa mwaka wa mwisho, kwa wale wanaotaka kupandisha mashini za chumba cha informatiki, ni hili. Mashini inayotunza pointi, orodha za majina au hesabu za franga za masomo isipandishwe kamwe, hata kwa megahezi moja, hata na mtu anayejua. Watu watakaoumia kwa kosa lake hawakuulizwa. Mwanafunzi wa 52 aliyefanywa 48 hatajua hata mahali pa kwenda kulalamika. Zile nyingine za kujifunzia ni mali ya wote, na atakayezitumia baada yetu asikute tumemwachia prosesa iliyochoka.

Lakini elimu hii isikatazwe. Anayejifunza kupandisha mwendo kwa daftari na kwa uvumilivu anajifunza umeme, joto, hesabu, na zaidi ya hayo anajifunza kutoiamini mashini kabla ya kuipima. Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe na mwalimu wa informatiki, kwa heshima, watutengee mashini moja ya zamani inayokubali kufunguliwa, isiyo na kazi ya mtu yeyote ndani yake. Pale wadogo zetu wa madarasa ya chini watajaribu, wataangusha, watarudisha, na wataandika. Tungependa kazi hiyo ianze kabla sisi hatujaenda kwenye mtihani wa Serikali, ili tuwaachie daftari lenye kurasa za kwanza zimekwisha kuandikwa.

Mwenye swali atuletee kwa maandishi, tutajibu katika gazeti lijalo.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya darasa la mwisho